Jambazi wa Pili

Tulizaliwa Ujiji, tofauti yetu nusu saa:
mimi Bukuru, yeye Butoyi,
uso mmoja uliopigwa chapa mara mbili.
Mimi nikabaki Mwanga, nyuma ya duka la mawese,
natengeneza runinga.
Yeye akapanda treni kwenda Dar
kuingia ndani yake.

Zamani antena tulizielekeza ng'ambo ya ziwa,
tukanasa Bujumbura yenye chenga
kama mchele wa bei ya chini.
Kisha madishi yakaota juu ya mabati,
yote yakalipa ziwa kisogo.

Mara ya kwanza nilimwona kwenye kioo cha inchi kumi na nne,
runinga ya mwalimu Gwimo wa Katubuka,
nimeifungua mgongo, chuma cha kulehemu bado cha moto,
ndipo akatokea: mtumbwi, usiku, bunduki begani.
Hana jina. Kwenye orodha ya mwisho, Jambazi wa Pili.
Mwaka ule wakimbizi walikuwa wakishuka Kibirizi
na magodoro vichwani,
na huko studio mtu alikuwa ameshaamua
hofu ya nchi ina lafudhi gani.
Nikalehemu. Picha ikatulia.
Mwalimu akalipa, akaniangalia mara mbili.

Walipoanza kuinua kuta ndefu Mbezi, Butoyi akawa mlinzi,
koti kubwa, rungu, shikamoo ya kuchekesha,
akilala kazini kila sehemu ya tatu,
akiwafungulia wezi geti kila sehemu ya tisa.
Ongeza Kiha, mwongozaji alisema, ongeza,
mpaka akaongea lugha ambayo mama yetu hakuitambua.
Ilipofika zamu ya waganga akavishwa hirizi.
Ilipofika zamu ya simu akawa tapeli
wa "ile hela tuma kwa namba hii",
na wiki ile ile, sokoni,
wakala akakataa kunipa fedha zangu
bila kitambulisho, halafu bila cha pili.
"Sura yako naijua," akasema,
na hakudanganya.

Sijawahi kuiba hata skrubu.
(Moja, ndiyo. Ya redio ya shehe. Niliirudisha.)

Mwaka jana akapiga simu, sauti imejaa sikukuu:
nyakati zimebadilika, Bukuru, wamenipa uinspekta!
Na lafudhi nibaki nayo, ndiyo wanayoitaka,
wanasema watazamaji wa leo wanataka kuiona nchi nzima.
Nikafunga duka. Nikabeba runinga bapa ya mteja,
Mungu anisamehe, hadi kwa mama.
Majirani wakajaa mpaka jikoni.
Bi Mlekwa akaleta migebuka ya kukaanga
na kiti chake mwenyewe.

Akatokea. Suti ya bluu, kalamu mfukoni.
Vigelegele vikafika barabarani.
Kisha wakamwingiza mshukiwa:
kijana mwembamba wa kambini, kandambili, pingu,
naye hana jina.
Butoyi wetu akainama juu ya meza,
akauliza kwa ulimi wa kwetu, kwa utulivu wa bosi:
"Wewe. Umetoka wapi?"

Kijana akajibu kwa Kirundi.
Maneno machache, na chini ya kioo hawakuandika tafsiri;
nadhani pale studio hakuna aliyeyajua,
walisikia tu ugeni, wakaupenda, wakauacha.
Lakini sebule nzima ya Ujiji ilielewa.
Hakusema habari za wizi wala mpaka.
Alisema: kaka, hizi pingu zinabana kweli.

Nikaiona kope ya kushoto ya Butoyi ikicheza.
Naijua kope hiyo, ninayo,
hucheza tukishikwa na aibu.
Halafu akaendelea na maneno aliyoandikiwa.

Hakuna aliyegusa samaki.
"Mlegezee, Butoyi," mama akaiambia runinga.
Likaingia tangazo la sabuni.